Barua pepe ya chama anaisoma nani?

Ndugu mkulima, msimu uliopita niliwaandikia barua pepe makatibu wa vyama vya msingi katika kata yangu kuwatahadharisha kuhusu viwavijeshi vamizi. Niliambatanisha picha na maelekezo ya kupulizia. Katibu mmoja aliifungua siku ya tisa, alipokwenda mjini benki. Viwavi walikuwa wameshaingia kwenye moyo wa mhindi, na huko dawa haiwafikii vizuri. Wanachama walinilaumu, na sehemu ya lawama ni yangu. Nilijua anwani ile ilifunguliwa kwa ajili ya kujaza fomu tu.

Kwa maoni yangu, mambo ya kila siku ya chama yatoke kwenye barua pepe yaende kwenye kundi la WhatsApp. Hata wenye ofisi kubwa zimewachosha: mwaka 2011 Thierry Breton, mkuu wa kampuni ya Atos ya Ufaransa, alitangaza kwamba ndani ya miaka mitatu wafanyakazi wake wataacha kuandikiana barua pepe wao kwa wao. Na hao wana kompyuta mezani! Sisi je?

Najua mtaniambia makundi hujaa salamu, vichekesho na habari za harusi. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana nashauri yawe mawili. La kwanza ni la matangazo, lenye mpangilio unaoruhusu viongozi peke yao kuandika: bei ya mnada, siku ya kupokea mzigo ghalani, tarehe ya mkutano. La pili ni la maongezi. Humo ukituma picha ya jani lililotobolewa, mwenzako wa kitongoji cha pili anaweza kukujibu kabla yangu.

Bei ya ufuta iwekwe pamoja na picha ya karatasi ya matokeo ya mnada. Bei isiyo na karatasi, usiiuzie hata gunia moja. Na wewe mfanyabiashara, usikodi gari kwa bei ya kusikia.

Wenye simu za kitochi wasisahauliwe. Kila kitongoji kiwe na mtu wa kuwapigia, na tangazo libandikwe pia kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Barua pepe msiifute. Mikataba, barua za halmashauri na maombi ya mkopo yapite huko, na neno lake la siri alijue mwenyekiti pia, siyo katibu peke yake. Risiti na mihtasari ibaki kwenye daftari, kwa sababu simu ya katibu ikitumbukia mtoni bila nakala, maongezi yote yamekwenda nayo. Namba ya siri ya pesa za simu haiandikwi kwenye kundi lolote, hata anayeiomba akijiita mwenyekiti.

Jumatatu asubuhi nipo ofisi ya kata. Njooni na simu ya chama ikiwa na chaji, tufungue makundi hayo pamoja.