Breki Inayozama Haitibiwi kwa Kupampu

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, leo naweka kando mbegu na mbolea. Msimu wa kupeleka mazao mjini umefika, na kuna jambo nimeliona kwenye pikapu zetu ambalo siwezi kulinyamazia.

Wiki mbili zilizopita nilipata lifti kwenye pikapu iliyokodiwa na wakulima watatu wa hapa Ntalikwa kupeleka karanga Tabora mjini. Njiani ng'ombe wakakatiza. Dereva akakanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Akakanyaga mara ya pili, ya tatu, ndipo gari likasimama, ndama akiwa hatua mbili mbele ya bampa. Dereva akacheka. "Hii lazima uipampu, mimi nimeshaizoea." Akaniambia kila asubuhi anaongeza mafuta ya breki kidogo, basi. Nyuma, juu ya magunia, walikuwa wamekaa wenye karanga wenyewe, mmoja ana mtoto mgongoni.

Maoni yangu ni haya: gari la namna hiyo halifai kupakiwa hata gunia moja, na wa kwanza kulikataa tuwe sisi tunaolikodi.

Wengi hunijibu, "Bwana shamba, huku kwetu tambarare, breki si tatizo." Fanyeni hesabu. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde moja linakwenda karibu mita 17. Kupampu mara tatu kunakula sekunde nzima au zaidi, na muda wote huo gari linakwenda. Ndani ya mita hizo 17 anaweza kuwepo ndama, bodaboda au mwanafunzi anayevuka barabara. Na wanaopeleka mzigo Singida kupitia Nzega na Igunga wanaujua mlima Sekenke. Ule haumsubiri mtu apampu.

Breki inafanana na bomba lako la kupulizia dawa. Mpira wa ndani ukichakaa, unapampu weee na presha haipandi. Ndivyo ilivyo kwenye gari: mguu unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma breki kwenye magurudumu. Mafuta yakivuja, upepo ukiingia, au raba zikichoka, nguvu ya mguu haifiki.

Kabla ya kwenda gereji, pima hivi gari likiwa mahali pa usawa, magurudumu yamewekewa mawe:

1. Fungua boneti, tazama kopo la mafuta ya breki. Yakishuka polepole kwa miezi, huenda pedi zinakwisha. Yakishuka kila siku, yanavuja. Tafuta unyevu upande wa ndani wa kila tairi, kwenye mipira na mabomba ya breki, na ndani ya kabini juu ya pedali.

2. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita, kisha ikandamize kwa nguvu nusu dakika. Ikizama polepole na hakuna unyevu popote, raba za ndani za masta ya breki zimechoka. Mafuta yanarudi ndani kwa ndani, ndiyo maana kopo halipungui.

3. Pedali ikiwa kama unakanyaga sponji, na ukipampu inapanda, kuna upepo. Ikianzia chini, ukipampu mara mbili inapanda na kuwa ngumu bila sponji, mara nyingi breki za nyuma za dramu zimelegea. Zinahitaji kurekebishwa au kubadilishwa.

4. Ikiwa nzuri asubuhi lakini inalainika ukishuka mlima na mzigo, kisha inarudi ikipoa, shuku mafuta ya zamani. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 205 hivi. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama upepo.

5. Ukishikilia pedali huku unawasha injini, itashuka kidogo kisha itulie. Huo si ugonjwa, ni msaada wa injini umeanza kazi.

Sasa ya gereji. Fundi akitoa upepo, kwa kawaida anaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, hilo huwa la nyuma kushoto. Kopo lisiachwe likauke katikati ya kazi, la sivyo upepo unaingia upya. Gari lenye mfumo wa ABS linaweza kuwa na utaratibu wake, hivyo fundi afuate kitabu chake.

Mambo matatu ukatae kabisa. Kwanza, kuongeza oili ya injini au mafuta mengine yoyote: raba zinavimba na mfumo mzima unaharibika. Pili, kurudisha kwenye kopo mafuta yaliyotolewa. Tatu, kukunja na kuziba bomba la gurudumu linalovuja ili "ufike tu". Gari linabaki na breki upande mmoja, na siku ukikanyaga kwa nguvu litakuvuta pembeni.

Najua ugumu uliopo. Magari ni machache, na mwenye tumbaku ana siku yake ya soko kwenye chama. Ukikataa gari asubuhi ya kupakia, mzigo unalala. Ndiyo maana nasema breki ikaguliwe siku moja kabla, kikundi kikiwa pamoja, na isitolewe hata shilingi ya utangulizi kabla mmoja wenu hajakanyaga ile pedali. Ikizama, mwenye gari ana jioni nzima ya kutafuta fundi, nanyi mna muda wa kutafuta gari lingine. Na hata likiwa zima, asipande mtu juu ya mzigo.

Kwenu wenye pikapu: stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haishiki breki. Raba za masta ni vitu vidogo, na bei yake haifiki popote karibu na gharama ya mguu wa mtu. Kama unaongeza mafuta kila asubuhi, ujue yanatoka mahali. Patafute kabla hujapakia.

Wale wakulima watatu niliwaeleza haya tulipofika mjini. Wawili walirudi kwa gari lingine. Wa tatu, yule mwenye mtoto, alikuwa ameshalipia kwenda na kurudi, akapanda tena ileile pikapu. Alifika salama, lakini usiku ule sikulala hadi nilipopata habari zake.