Maji Yaliyookolewa Usangu Ni ya Nani?

Ufanisi wa umwagiliaji ni uwiano wa maji yanayotumiwa na mmea wenyewe kwa yale yanayochepushwa mtoni, na wengi huamini kwamba uwiano huo ukipanda, mto nao hupona. Bonde la Usangu, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, linaonyesha kwamba imani hiyo haitoshi. Mto Ruaha Mkuu, unaolisha mabwawa ya Mtera na Kidatu na kupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ulianza kukauka nyakati za kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo viboko wa hifadhini hubanana katika madimbwi ya tope, mahali ambapo zamani maji yalitiririka mwaka mzima.

Maji ya bonde hilo hukusanyika kwanza katika ardhioevu ya Ihefu, ambako hutoka kwa kuvuka kizingiti cha mwamba kilichopo Ng'iriama. Kina kikishuka chini ya kizingiti hicho, mto hukatika hata kama Ihefu bado ina maji. Ndiyo maana kiasi kidogo tu kinachozuiwa huko juu wakati wa kiangazi huwa na uzito mkubwa kuliko kiasi kikubwa kinachochukuliwa wakati wa masika.

Hapa ndipo banio, yaani kizuizi kinachopeleka maji ya mto katika mfereji, linapohitaji kutazamwa kwa makini. Banio la asili, lililojengwa kwa miti, mawe, nyasi na udongo, lilikuwa likivuja, na wataalamu waliuhesabu uvujaji huo kuwa hasara, ilhali ndio uliowafikia wakulima wa chini na hatimaye Ihefu. Mabanio mengi yalipojengwa upya kwa zege na kuwekewa malango ya chuma, mkulima wa juu alipunguziwa kazi ya kujenga upya kila mafuriko yalipopita, lakini pia alipata uwezo wa kuuchukua mto karibu wote katika miezi ambayo una maji machache kabisa. Lawama haimstahili mkulima huyo, kwa kuwa alitumia alichojengewa.

Shambani kwenyewe, mbinu nzuri zipo. Katika kilimo shadidi cha mpunga, miche michanga hupandwa mmoja mmoja kwa nafasi pana, na jaruba huloweshwa na kuachwa likauke kidogo kwa zamu badala ya kufurika msimu mzima. Mkulima huweza kuchimbia ardhini kipande cha bomba chenye matundu na kuchungulia ndani yake: maji yakiwa yameshuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, hapo ndipo humwagilia tena. Hata hivyo, maji yanayobaki yakielekezwa katika ekari mpya, mavuno ya bonde huongezeka na Ihefu haipati kitu. Hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji ambayo zamani yalipenya ardhini na kurejea mtoni sasa huishia hewani kupitia majani ya mpunga mpya.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa ikolojia, na inazipa nafasi jumuiya za watumia maji. Akiba hiyo inapaswa kuandikwa katika kila kibali cha kutumia maji kama kiasi kinachobaki mtoni, kikipimwa chini ya banio, kwa maana kibali kinachotaja tu kiasi cha kuchukua humwachia mto makombo.

Lipo pia jambo la gharama nafuu ambalo limepuuzwa mno. Vijiji kadhaa vya Usangu huacha mifereji ikitiririka kiangazi kizima, baada ya mpunga kuvunwa, ili kaya zipate maji ya kunywa, kupikia na kufulia, na sehemu kubwa ya maji hayo hukauka njiani kabla ya ndoo ya kwanza kujaa. Kijiji kama hicho kikichimbiwa visima, jumuiya yake inaweza kufunga lango la banio kuanzia mavuno hadi mvua za kwanza, bila kaya yoyote kukosa maji.