Moto wa mwezi wa tisa, na lawama kwa wakimbizi

Mwezi wa tisa, kabla mvua haijaanza Lubumbashi, miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu kama shaba. Ndio wakati wa ndege. Wanaimba, wanajenga viota, na keremkerem na mbayuwayu wa kutoka Ulaya wanaanza kufika. Anayetaka kuwaona hahitaji darubini. Aamke kabla ya jua, akae kimya chini ya mti.

Shida ni huo mti. Mjini kuna wanaosema msitu umemalizwa na wakimbizi wa ndani, familia zilizokimbia vita upande wa Mitwaba na Pweto. Maneno hayo ni mepesi, na si ya haki. Makala ilichomwa kuzunguka mji huu kabla familia hizo hazijafika, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameonyesha kwa miaka jinsi miombo inavyorudi nyuma mbele ya makala na mashamba. Na ile mifuko inanunuliwa na nani? Na nyumba zenye waya wa SNEL ukutani na umeme hakuna, mama anapika bukari juu ya mbabula. Anayesukuma baiskeli yenye mifuko barabarani anaonekana na kila mtu. Tajiri anayeipokea haonekani.

Wengine wanacheka: kutazama ndege ni mambo ya wazungu! Basi nani alimfuata yule ndege anayeita watu mpaka kwenye asali? Wazee wa vijiji walimjua zamani sana. (Naye si malaika, anataga mayai katika viota vya wengine.) Na finkubala wanaouzwa sokoni wanakula majani ya miti hiyohiyo. Msitu ukiisha, sokoni hakutakuwa na finkubala wala uyoga wa miombo.

Kisiki cha miombo huchipuka chenyewe, bila mtu kupanda. Kinachoua machipukizi ni moto wa mwezi wa nane mpaka wa kumi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Moto wa mwezi wa tano au wa sita hauna ukali huo. Lakini watu wanawasha sasa hivi, wengine kwa ajili ya panya tu, na vifaranga wanaungua ndani ya viota. Pale Mikembo, kaskazini-mashariki ya mji, msitu umelindwa, na wanasayansi wamepima mti mmoja mmoja kwenye eneo la hekta 10. Kwa hiyo kulinda kunawezekana.

Wakubwa wa mazingira wawafuate wenye malori na maghala, wamwache mwenye baiskeli. Familia zilizokimbia zipewe mahali pa kulima, ndipo zikatazwe kukata. Machifu nao wapange moto wa mapema kila mwaka. Kwa mwaka huu muda wake umepita, basi wakataze kuwasha kabisa mpaka mvua inyeshe.