BARZANI KWA MWALIMU: Mkataba wa Kyubey



Mwezi huu mtanistahamilia, kwani nawajia na habari ya katuni. Mjukuu wangu wa miaka 14 aliniketisha mbele ya mchezo wa Kijapani uitwao Puella Magi Madoka Magica, uliotungwa na Gen Urobuchi na kuonyeshwa katika televisheni ya Japani mwaka 2011. Sehemu zake ni 12. Nilidhani nitasinzia. Sikusinzia.

Humo mna kiumbe aitwaye Kyubey. Ni mweupe kama pamba, mdogo kadiri ya paka, mwenye macho mekundu ya duara; mtoto yeyote angetamani kumpakata. Huzungumza kwa upole bila ya kufumbua kinywa, na uso wake haubadiliki, litokee litakalotokea. (Majini wa hadithi zetu angalau hukunja uso.) Kazi yake ni kuwaomba wasichana wafunge naye mkataba: msichana ataje haja moja, naye ataitimiza, hata ikiwa ni muujiza, badala yake msichana atapigana na wachawi. Sayaka anaomba kijana ampendaye, mpiga fidla aliyeumia mkono, apone. Kijana anapona. Ahadi imetimizwa barabara.

Yaliyosalia hayakutajwa. Katika sehemu ya 6, Madoka anakitupa kito cha rafiki yake Sayaka kutoka darajani, kikaangukia juu ya lori lililokuwa likipita. Lori lilipofika mbali, Sayaka akaanguka palepale, maiti. Ndipo Kyubey anapoeleza, kama mwalimu wa hesabu atoaye jawabu, kwamba roho ya msichana imo ndani ya kito, na mwili haukitii kikiwa mbali zaidi ya mita 100. Baadaye tunafunuliwa makubwa zaidi: kito kikisha kuwa cheusi kwa kukata tamaa, msichana mwenyewe hugeuka mchawi, na nguvu itokayo wakati huo ndiyo mavuno aliyoyajia Kyubey. Wanapomlaumu, hujibu kwamba hawakuuliza.

"Babu, huyu ni mwongo?" akaniuliza mjukuu wangu.

Nilinyamaza. Mwaka wangu wa kwanza katika nchi hii alinijia mlangoni bwana mmoja mwenye haiba, akiuza samani kwa malipo ya kila mwezi. Akawasifu watoto wangu, akamwamkia mke wangu kwa adabu. Nikauliza nitalipa kiasi gani kwa mwezi. Akanijibu kweli tupu. Nikatia saini. Mimi, niliyekwisha kusahihisha insha za watoto wa watu kwa miaka 9, sikugeuza ukurasa. Nyuma yake palikuwa na riba, na makabati yale niliyalipia karibu mara mbili ya thamani yake. Nilipokwenda kulalamika alinikaribisha kiti, akanambia kwa upole kwamba sikuuliza. Mke wangu sikumwambia. Nilisema bei zimepanda.

Fiqhi tuliyosomeshwa yamjua mtu wa namna hii. Muuzaji akiificha aibu ya bidhaa, hata kama hakutamka uongo, mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Sayaka hana pa kuirudisha yake.

Basi nikamhadithia mtoto kisa cha makabati. Akataka kujua kama bwana yule alikuwa akitabasamu.

"Muda wote," nikamjibu.

Bibi yake, ambaye kumbe alikuwa akisikiliza tangu jikoni, akaja na chai, akakiweka kikombe changu mezani kwa kishindo kidogo.

"Kwa hivyo bei hazikupanda," akasema.