Shingo za mama zetu zisiwe za kujaribia dawa

WIKI chache zilizopita nilivuka pale Mugina kwenda Manyovu kutafuta madaftari, nikamkuta kijana amepanga chupa ndogo za plastiki juu ya turubai. Ndani mlikuwa na unga wa kijani kilichokoza. Alikuwa akiwaita akina mama kwa sauti: huu ni mwani wa baharini, unayeyusha rovu, unasafisha damu, unaongeza nguvu. Nilipomuuliza mtu atumie kiasi gani, alinijibu bila kusita: "Kijiko asubuhi na kijiko jioni, mwalimu. Hata ukizidisha hakuna neno, ni kitu cha asili."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu unga wa namna ile naufahamu.

Wazazi wetu walikimbia mwaka 1972. Mimi nilizaliwa katika makazi ya Katumba, kule Mpanda, nikasoma huko huko, na mwaka 2008 tukarejea Burundi. Shangazi yangu alirudi pamoja nasi, na rovu lake shingoni, uvimbe aliokuwa nao tangu ujana. Alikwisha kuuzoea kama mtu anavyozoea mzigo. Mwaka juzi mfanyabiashara mmoja alimuuzia chupa ya unga wa mwani. Hazikupita wiki nyingi, moyo ukaanza kumwenda mbio usiku, mikono ikamtetemeka, akakonda hadi nguo zikampwaya. Majirani wakasema amerogwa. Daktari alipompima aliuliza kwanza anakula na kunywa nini. Alipoonyeshwa ile chupa akasema aache siku hiyo hiyo. Ilichukua miezi kadhaa, na dawa za hospitali, shangazi kupata nafuu.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba mwani ni sumu. Wajapani wanaula tangu zamani, na ni kweli una madini joto, yaani iodini. Madini hayo ndiyo tezi ya shingo inayoyatumia kutengeneza homoni zinazoendesha mwili. Yakipungua, tezi inavimba ikijitahidi kuyakamata machache yaliyopo, na hapo ndipo rovu linapotokea. Mama mjamzito akiyakosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo usiokua sawasawa, au kuzaliwa kiziwi. Mimi mwalimu naliona hilo kuwa jambo zito kuliko uvimbe wenyewe.

Sisi watu wa milimani tuna sababu ya kuwa waangalifu. Mvua za karne nyingi zimeyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo wetu, kwa hiyo maharage na ndizi zetu huwa nayo kidogo. Muhogo usiolowekwa vizuri huzidisha tatizo. Wataalamu waliochunguza kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, miaka ya 1960 na 1970 waliyaeleza hayo yote mawili.

Lakini upungufu hautibiwi kwa kubahatisha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha 250. Hicho ni kiasi kidogo mno, hakionekani kwa macho. Sasa tazama mwani. Kuna ule mkubwa wa kahawia wa bahari za baridi, uitwao kelpu. Aina zake nyingine zimepimwa zikakutwa na zaidi ya maikrogramu 2,000 katika gramu moja tu, mahitaji ya karibu wiki mbili. Mwani wa aina nyingine, gramu hiyo hiyo haifikishi 50. Mwani unaolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba tangu mwaka 1989 ni mwekundu, wa aina nyingine kabisa, na sehemu kubwa husafirishwa nje kutengenezea utomvu wa kugandishia vyakula na dawa za meno. Chupa ya yule kijana ilikuwa na mwani upi? Yeye mwenyewe hajui. Aidha, mwani wa aina fulani hufyonza arseniki kutoka baharini, nayo hiyo ni sumu.

Wapo watakaosema: kama shingo imekosa madini joto miaka 40, si ni vizuri ikapata mengi? Hapana. Tezi iliyozoea njaa, hasa ya mtu mzima mwenye rovu la vinundu, ikimwagiwa madini hayo ghafla inaweza kutengeneza homoni kupita kiasi. Moyo ndio unaoumia. Jambo hili lilitokea kwa jirani zetu wa Kivu miaka ya 1990, baada ya chumvi yenye madini joto kuingia: madaktari waliwaona watu wenye marovu ya zamani wakiugua kama alivyougua shangazi. Kama chumvi iliweza kuleta hayo kwa baadhi ya watu, kijiko cha kelpu kitaleta nini? Na wengine huwageuka kinyume, tezi inalala, mtu anachoka na kuvimba mwili.

Kivu haikuwa sababu ya kuikataa chumvi. Ilikuwa sababu ya kupima. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo, ukila gramu 5 kwa siku, inakupa maikrogramu 150 zile zile zinazotakiwa. Na hizo gramu 5 ndizo mwisho wa chumvi ya siku kwa mtu mzima, ukihesabu na iliyomo kwenye chakula cha kununua, ili tusijiletee shinikizo la damu.

Hapa nawageukia wafanyabiashara wa mpakani, ambao wengi ni ndugu zangu tuliorudi pamoja. Chumvi ya Uvinza imekuwa ikivushwa kuja huku tangu enzi za mababu. Biashara hii ni ya heshima. Basi tusiivunjie heshima kwa kuleta chumvi ya magunia isiyo na lebo kwa sababu tu faida yake ni nono. Leteni iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Msiianike juani wala kuiacha inyeshewe, maana madini hayo hupotea. Na ule unga wa chupa, kama hauna lebo inayoeleza ni mwani gani na una kiasi gani, usimuuzie mama wa mtu.

Nasi wanunuzi tuamke. Chumvi itunzwe kwenye chombo chenye mfuniko na itiwe mboga zikikaribia kuiva. Mwenye rovu, mjamzito, na anayetumia dawa za tezi au za moyo asiguse unga wa mwani kabla ya kumwona daktari. Aliyekwisha kuutumia akaona moyo unakwenda mbio, auache na aende kituo cha afya na chupa yake mkononi. Asione haya.

Kitu cha asili si lazima kiwe salama. Hata uyoga wa porini ni wa asili, na kila mwaka mvua zikianza tunawaonya watoto wasiuchume ovyo. Onyo hilo sasa tuwape na mama zetu kabla hawajaenda sokoni.