JEMBE LA GURUDUMU LIMFUATE ANAYELISUKUMA

TAHARIRI



Majembe mawili ya gurudumu ya ushirika wetu yamelala ghalani, na huku bustani ya vitunguu imeanza kuvamiwa na magugu. Maneno yamekuwa mengi kisimani na vibarazani. Wako wanaosema yauzwe, tununue majembe ya mkono. Wako wanaosema ati mama zetu na vijana wanaopalilia ni wavivu, na wanawatupia methali: mchagua jembe si mkulima.

Sisi tunasema hapana. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inamhusu yule anayekagua jembe hili na lile mpaka jua linazama hajagusa udongo. Haimhusu mtu aliyesukuma jembe asubuhi nzima, halafu akasema mpini huu unaniumiza mabega. Huyo ameshalima. Anachotaka ni aweze kulima na kesho.

Jambo hili si dogo. Kitunguu hakijui kujitetea. Majani yake ni membamba na yanasimama wima, hayafuniki ardhi, kwa hiyo magugu yanapata jua bure. Tukichelewa palizi, tutavuna vitunguu kama gololi. Kwa jembe la mkono mtu anainama kutwa nzima. Kwa jembe la gurudumu anatembea wima kati ya mistari. Wala zana hii si kitu cha kuchezea. Tangu karne ya 19 kampuni ya Samuel Leeds Allen wa mji wa Philadelphia, Marekani, ilikuwa ikiyatengeneza majembe ya namna hii kwa jina la Planet Jr., na wakulima wa bustani waliyatumia miaka mingi.

Basi kwa nini hapa kwetu yanachosha? Tuliyatoa nje tukayaangalia pamoja na fundi wetu. Tumekuta mipini imefungwa kwa kimo cha mwanamume mrefu. Lakini hebu tuulizane jamani, nani anayasukuma? Ni akina mama na vijana. Mtu mfupi akilishika, mikono inapanda karibu na kifua, mabega yanainuka, na kazi yote inabaki kwenye mikono mitupu. Miguu na kiuno, penye nguvu za mwili, havisaidii kitu. Na ukilifunga chini sana, mtu mrefu naye atainama, au atainua mipini, na akiinua tu kisu kinatoka ardhini. Kumbe kosa halipo kwa mtu. Lipo kwenye bolti.

Dawa yake tunaiweza wenyewe. Tunashauri hivi:

1. Fundi atoboe matundu matatu au manne pale mipini inapofungwa, ili iweze kupandishwa na kushushwa. Kipimo ni hiki: simama wima, shika mipini, mikono iwe usawa wa kiuno na viwiko vimekunjika kidogo. Nafasi kati ya mpini na mpini iwe kama upana wa mabega.

2. Kila anayepalilia apimwe, na namba ya tundu lake iandikwe kwenye karatasi mlangoni pa ghala. Waliomaliza kisomo waifanye kazi hiyo. Spana ining'inizwe hapo hapo, isiende nyumbani kwa mtu.

3. Mipini ipigwe msasa, halafu pa kushikia pazungushiwe mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli. Malengelenge yatapungua. Lakini msizungushe sana, maana mpini mnene kupita kiasi unachosha vidole.

4. Kisu kinolewe kwa tupa kabla ya kwenda shambani. Kisu butu hakikati gugu, kinalisukuma tu, na mtu anajiona hana nguvu.

5. Ekseli ya gurudumu isafishwe na kutiwa grisi. Gurudumu linalolia linakula nguvu za msukumaji.

6. Penye udongo mgumu kifungwe kisu chembamba. Kisu kipana ni cha udongo uliokwisha kulainika.

Baada ya hapo inabaki namna ya kusukuma. Jembe hili halisukumwi kwa mkupuo mmoja kama toroli la mchanga. Ni mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena, huku unatembea. Mguu mmoja utangulie, uzito wa mwili ufuate. Kisu kiingie sentimita 2 au 3 tu, inatosha kukata gugu changa. Ukizamisha zaidi unabeba udongo bure, unaleta juu mbegu za magugu zilizokuwa zimelala chini, na unakata mizizi ya kitunguu, ambayo iko juujuu. Tena tusingoje magugu yafike magotini. Yakatwe yakiwa machanga, siku ambayo udongo wa juu umeanza kukauka baada ya mvua au kumwagilia. Kwenye tope jembe hili haliendi, litabeba matope tu.

Na mistari inyooke! Tukipanda ovyo ovyo, hakuna jembe la gurudumu litakalopita bila kung'oa mazao. Kamba na vijiti havina gharama.

Sasa tuje kwenye mkutano wa ushirika. Sisi tunaomba shauri la kuuza lisikatwe kabla ya majaribio. Majembe yarekebishwe kwanza. Kisha mtu yule yule apalilie tuta moja kwa jembe la mkono na tuta la pili kwa jembe la gurudumu lililofungwa kwa kimo chake, na tuone ametumia muda gani na mgongo wake unasemaje. Na siku hiyo wanaopalilia ndio waanze kusema. Si haki asiyeshika mpini awe wa kwanza kutamka kwamba mpini hauumizi.

Yakishindwa hapo, yauzwe, hatutanung'unika. Lakini tukiyauza hivi yalivyo, atakayenunua atafungua bolti mbili, atashusha mipini, na mwezi ujao tutamwona anapalilia shamba lake wima huku sisi tumeinama.

Gharama yote ni tupa moja, grisi kidogo, tyubu kuukuu na kazi ya fundi ya siku moja. Ushirika hauwezi kushindwa na hilo. Jembe ni la mtu, mtu si wa jembe.

Katibu