Nyumba ya mtu aliyevuka ziwa: nani atatengeneza paa?

Tuanze na mfano ambao wasomaji wetu wa Kasenyi, Tchomia na Bunia watautambua bila kutajiwa jina la mtu.

Mama mmoja amepanga nyumba ya vyumba viwili huko Kasenyi, karibu na ziwa. Mabati mawili yametoboka na maji yanaingia chumba wanacholala watoto. Shimo la choo nalo limeanza kubomoka upande mmoja. Mwenye nyumba alivuka ziwa kwenda Uganda wakati wa vita, na namba ya simu aliyoiacha haiiti tena. Shemeji yake hupita kila mwisho wa mwezi kuchukua kodi, lakini akionyeshwa paa anajibu, "Mimi nimetumwa kuchukua pesa tu." Fundi yupo, na mama ana akiba kidogo. Lakini jirani amemwonya: "Mama, ukitengeneza nyumba ya mtu ambaye hayupo, kesho watasema unataka kumnyang'anya kiwanja." Basi anaweka beseni chini ya tundu na kungoja.

Hofu ya yule jirani si ya bure. Katika Ituri yetu, ugomvi wa kiwanja kimoja unaweza kuwasha moto wa kijiji kizima. Ndiyo maana tunaona kwamba jambo la paa linalovuja, ambalo mahali pengine ni la fundi na misumari tu, kwetu ni jambo la amani. Tunataka kuonyesha leo kwamba nyumba ya mtu asiyepatikana inaweza kutengenezwa bila mpangaji kupoteza pesa yake na bila mwenye nyumba kupoteza mali yake, ikiwa kazi itafanywa mbele ya watu na kuandikwa.

Kwa nini wenye nyumba hawapatikani

Tangu mwisho wa 2017, mashambulizi katika teritwari ya Djugu yalifukuza watu wengi sana. Mwanzoni mwa 2018, makumi ya maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na mashua, wengi wakitoka pwani ya Tchomia na Kasenyi. Walishukia Sebagoro upande wa Uganda, kisha wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Wengine walipanda barabara ya Bogoro hadi Bunia. Kuna waliorudi, wakakimbia tena. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na bado familia nyingi zimegawanyika: baba Bunia, mama Kyangwali, mtoto mkubwa Kampala.

Ziwa lenyewe pia limefukuza watu. Mvua nyingi za 2019 na 2020 zilipandisha maziwa ya eneo letu, na maji ya Albert yakaingia katika nyumba za ukingoni. Haikuwa mara ya kwanza. Wazee wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ziwa lilipopanda hata bandari ya Butiaba ng'ambo ikaharibika.

Kwa hiyo mwenye nyumba asiyejibu simu si lazima awe mtu mbaya. Pengine alitupa laini ya Kongo na sasa ana namba ya Uganda. Pengine simu iliibwa njiani. Pengine amekufa, na habari haijafika. Mpangaji anayesema "amenidharau" na mwenye nyumba anayesema "wamenisahau" huenda wote wawili wanakosea.

Sheria inasema nini

Wengi wetu tunafikiri kwamba mahali penye vita hakuna sheria ya kupanga nyumba. Ipo. Kanuni ya mikataba tuliyoirithi tangu dekreti ya 30 Julai 1888 inagawa kazi hivi: matengenezo makubwa ni ya mwenye nyumba, na matengenezo madogo ya matumizi ya kila siku ni ya mpangaji. Paa, kuta, msingi, na choo kilichobomoka kwa uzee ni vya mwenye nyumba. Kitasa kilichovunjwa na watoto na kioo cha dirisha kilichopasuliwa na mpira ni vya mpangaji. Kitu kilichoharibika kwa uzee tu, au kwa nguvu isiyozuilika kama dhoruba, hakiwi deni la mpangaji.

Na kama ziwa limechukua nyumba yote? Hapo mkataba unakufa wenyewe, na mpangaji hawezi kumlazimisha mwenye nyumba ajenge upya. Kama limeharibu sehemu tu, mpangaji anaweza kuomba kodi ipunguzwe au mkataba uvunjwe.

Juu ya kanuni hiyo tuna sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga. Hiyo ndiyo inayoweka kikomo cha miezi mitatu kwa garanti ya nyumba ya kukaa, hata kama wengi bado wanadaiwa sita au zaidi. Garanti ni amana: mpangaji anapotoka inarudishwa, baada ya kuondoa kile alichoharibu. Ugomvi ukitokea, mahali pa kwanza pa kupatana ni ofisi ya Habitat, na mapatano yakishindikana ndipo tribunali.

Lakini sheria haimpi mpangaji ruhusa ya kukata kodi kwa siri. Anayeacha kulipa kwa miezi minne kisha akasema "nilinunua mabati" atahesabiwa kuwa mdaiwa, hata kama mabati yanaonekana juu ya nyumba. Ndiyo sababu tunasisitiza juu ya mashahidi na karatasi.

Njia ya kufuata

Kwanza, mtafute mwenye nyumba, na uandike namna ulivyomtafuta. Piga simu siku mbalimbali. Tuma ujumbe kwa ndugu zake. Mwulize shefu wa kartie, na mwulize mchungaji wa kanisa alilokuwa akisali. Yote hayo yaandike katika kaye pamoja na tarehe. Kama maji hayajaingia ndani, ngoja wiki mbili au tatu. Kama ukuta unataka kuangukia watoto, watoe watoto leo, na utafute mashahidi leo.

Pili, ita watu waone uharibifu kabla fundi hajagusa kitu. Watu watatu wanatosha: kiongozi wa mtaa au shefu, jirani wa karibu, na mzee wa kanisa. Hapa tunaomba jambo moja ambalo si rahisi: mashahidi wasitoke wote katika kabila moja. Karatasi iliyosainiwa na watu wa upande mmoja tu, hata ikiwa ya kweli kabisa, itasomwa na upande wa pili kama hila. Mwenye simu nzuri apige picha.

Tatu, tengeneza kile tu kinachookoa nyumba. Badilisha bati lililotoboka, simamisha ukuta unaoanguka, chimba choo kipya mahali ambapo mashahidi wamekubali. Usiongeze chumba. Usijenge ua mpya. Usipande miti ya kudumu, wala usisogeze alama ya mpaka hata hatua moja. Mpangaji anayeongeza vitu katika kiwanja cha mtu asiyekuwepo ndiye anayezaa maneno ya "anataka kuchukua", na mara nyingi maneno hayo yanaishia mbele ya askari.

Nne, uliza bei kwa mafundi wawili, kisha uandike karatasi ya kurasa moja. Iseme nyumba ni ya nani, mpangaji ni nani, nini kimeharibika, nini kimetengenezwa na kwa pesa ngapi. Mstari wa mwisho useme wazi kwamba mpangaji hadai kiwanja wala nyumba, anadai pesa ya matengenezo tu. Mashahidi watie saini. Nakala moja ibaki kwa mpangaji, moja kwa shefu, moja kwa familia ya mwenye nyumba, na kama inawezekana moja ifike ofisi ya Habitat. Risiti za mabati na misumari zifungwe pamoja nayo.

Tano, mkubaliane na yule anayepokea kodi namna ya kurudisha pesa hiyo. Tuseme kodi ni dola 20 kwa mwezi na matengenezo yamefika dola 60. Mpangaji anaweza kulipa dola 10 na kubakiza 10 kwa miezi sita. Hivyo familia ya mwenye nyumba haikosi chakula, na mpangaji anapata haki yake. Shemeji akikataa kusaini, msilazimishane. Pelekeni jambo kwa shefu, kisha Habitat.

Yule anayechukua kodi tu

Tumtazame basi yule shemeji. Mtu anayesema "nimetumwa kuchukua pesa tu" anataka faida ya nyumba bila mzigo wake. Mpangaji ana haki ya kumwomba barua ya uwakilishi, yenye jina la mwenye nyumba na inayosema kama anaweza kuamua juu ya matengenezo. Kama hana barua, mpangaji alipe mbele ya shahidi na apate risiti kila mara.

Kama habari zinasema mwenye nyumba amekufa, tuwe waangalifu zaidi. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto mbele katika urithi na inamlinda mjane. Ndugu wa kwanza kugonga mlango si lazima awe mrithi. Tunajua wajane wanaoishi kambini huku kodi ya nyumba waliyoijenga pamoja na waume zao inaliwa na watu wengine. Mpangaji Mkristo anayeuliza "mama na watoto wako wapi?" kabla ya kulipa anafanya kazi ya haki.

Neno kwa walio ng'ambo

Ndugu zetu wa Kyangwali, Kampala na Bunia, wenye nyumba zenu Kasenyi, tunawaomba mambo matatu. Tumeni namba yenu mpya kwa watu wawili, si mmoja. Chagueni mwakilishi mnayemwamini na mmwandikie barua, mkitaja kiasi cha pesa anachoweza kutumia kwa matengenezo bila kuwauliza. Na mpangaji akiwaletea karatasi ya mabati, msianze kwa kumshuku. Bila yeye mngerudi na kukuta kuta bila paa. Nyumba isiyo na mtu huoza upesi, na mabati yake huondoka usiku.

Kanisa lifanye nini

Makanisa yetu yana kitu ambacho ofisi nyingi hazina: watu pande zote mbili za ziwa. Washirika waliovuka hawakuacha kusali, wana makusanyiko yao kambini. Tangazo la Jumapili Kasenyi linaweza kufika Kyangwali katika wiki moja kupitia WhatsApp ya wanakwaya au ya akina mama. Kila parokia inaweza kuwa na kaye moja ya nyumba za wasiokuwepo: jina la mwenye nyumba, mwakilishi, mpangaji, namba za simu, na nakala za karatasi za matengenezo.

Lakini kanisa lisigeuke kuwa tribunali wala wakala wa nyumba. Mchungaji asipokee kodi mkononi mwake. Mzee wa kanisa asiwe shahidi wa nyumba ya mkwewe mwenyewe. Ugomvi wa mipaka, au wa nani hasa ni mwenye kiwanja, upelekwe kwa wenye kazi hiyo: shefu, kadastra, Habitat, na wapatanishi wa ardhi. Tukivuka hapo tutapoteza imani ya wale ambao hawasali kwetu.

Tunajua pia kwamba karatasi haizuii risasi. Kijiji kikishambuliwa usiku, kaye ya kanisa inaweza kuungua pamoja na benchi zake. Ndiyo maana nakala ziwe mahali zaidi ya pamoja, na moja iwe picha katika simu ya mtu aliye mbali.

Torati inamwamuru aliyemkuta ng'ombe wa ndugu yake akipotea ampeleke kwake. Na kama ndugu huyo yuko mbali, au hajulikani, basi amtunze nyumbani mpaka mwenyewe aje kumtafuta. Hapewi ruhusa ya kugeuza uso, wala ya kumfanya ng'ombe kuwa wake. Na katika habari za Elisha tunasoma juu ya yule mwanamke Mshunami aliyehama miaka saba kwa sababu ya njaa. Aliporudi alikwenda kwa mfalme kulilia nyumba yake na shamba lake. Alikuwepo mtu wa kumshuhudia, na akarudishiwa vyote, pamoja na mazao ya miaka aliyokuwa mbali.

Wako Washunami wengi ng'ambo ya ziwa letu. Siku watakaporudi, watauliza nani anajua habari za nyumba zao. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho wakati mzuri wa kupanda juu ya mabati, kabla ya mvua za Machi. Basi yule mama wa Kasenyi na asingoje zaidi: amwite shefu, amwite jirani aliyemwonya awe shahidi wa kwanza, na afungue kaye.